Mtu wa Chini

Mlango wa chumba cha mama ulikuwa na upana wa sentimita 66. Kiti mwendo chake kilikuwa na sentimita 68, ukipima kutoka pete ya kusukumia ya upande mmoja hadi ya upande wa pili. Hizo sentimita mbili ndizo zilizotuletea siku ninazozisimulia hapa.

Mama alivunjika nyonga Kibondo, shambani kwake, akibeba maharage. Alipotoka hospitali tulimleta kwetu Kasulu, kwa sababu kule Kibondo amebaki na kaka yangu mkubwa tu, na kaka ni mtu wa mizinga ya nyuki. Akiingia porini huenda asionekane siku nne. Tulimpa mama chumba cha mbele, chenye dirisha la kutazama barabara. Kiti kikabaki sebuleni na yeye akabaki chumbani. Kila alipotaka kutoka, mimi na binti yangu tulimbeba, mmoja kwapani, mwingine magotini.

Mume wangu hakuweza kutusaidia. Mkwe na mama mkwe wana staha yao, na mama yangu ni wa zamani katika jambo hili. Mkwe wake akipita sebuleni anavuta kanga. Abebwe naye mikononi kama mtoto? Heri alale na kiu. Na kweli alianza kulala na kiu. Baba watoto ndiye aliyeligundua. Aliona jagi la maji linatoka chumbani asubuhi likiwa limejaa vilevile lilivyoingia usiku, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaniita pembeni, akaniambia, "Mama hanywi maji ili asiende chooni." Nilikwenda kumuuliza mama, akageukia ukutani.

Hapo tukaamua fremu itoke. Ilikuwa mbao ya inchi 2 kwa 6. Ukiiondoa, mlango unapata inchi 2 kila upande, yaani kama sentimita 10 kwa jumla. Ukuta usingeguswa. Tungetundika pazia na kiti kingepita.

Lakini ile fremu ilikuwa ya mninga, na mninga wenyewe aliupasua marehemu baba. Baba alikuwa mpasua mbao Kibondo tangu ujana wake, enzi za msumeno wa watu wawili, gogo likiwa juu ya ulingo, mmoja amesimama juu ya gogo na mwingine chini yake. Tulipojenga nyumba hii mwaka 2009 alituletea mbao za milango yote kwenye lori la mihogo. Fundi wa kwanza tuliyemwita alitazama fremu, akasema ataing'oa kwa nondo na sururu, nusu saa kazi imekwisha, ila mbao itachanika kwa sababu imepigiliwa misumari ya inchi 6 ndani ya matofali. Mama akasikia kutoka kitandani. "Mzee aliipasua mara moja," akasema. "Inatosha."

Basi baba watoto akaazima msumeno wa umeme kwa mwenzake wa kazini. Simaanishi ule wa duara, wala ule mdogo wa kukatia maua ya mbao. Huu una mwili kama wa drili ndefu, na mbele yake unatoka ubapa mmoja wenye meno, mwembamba, ulionyooka kama ulimi wa kenge, unaokwenda mbele na kurudi nyuma. Kampuni ya Milwaukee ya Marekani ndiyo iliyoutoa mwaka 1951 kwa jina la Sawzall, na tangu hapo kampuni nyingi zimetengeneza wa kwao. Ubapa husafiri kama milimita 30 kwa kila mwendo, na katika misumeno mingi huenda na kurudi karibu mara 3,000 kwa dakika. Uzuri wake ni kwamba unaweza kupenyeza ubapa kwenye ufa kati ya fremu na ukuta, ukaikata misumari mmoja mmoja, na mbao ikatoka nzima. Kwa kazi yetu hakukuwa na chombo kilichofaa zaidi. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani nausema vibaya msumeno.

Jambo la kwanza tulilifanya sawa: tulisoma kibao cha ubavuni kabla ya kuchomeka. Vyombo vingi vya mtumba vinavyotoka Marekani ni vya volti 120, na umeme wetu ni volti 230. Ukikichomeka hivyohivyo, mota inalia kwa kasi isiyo yake na haichelewi kutoa moshi. Huu ulikuwa wa 230.

La pili tulilikosea. Ubapa uliokuwemo ulikuwa wa kukatia matawi mabichi, wenye meno makubwa, kama sita hivi kwa kila inchi. Meno ya namna hiyo yakikutana na msumari yanaukwaa badala ya kuukata. Baba watoto alipougusa msumari wa kwanza, msumeno mzima uliruka nyuma ukamsukuma kifuani, na alipouzima tukaona meno manne yamekwisha. Kwa kukata misumari iliyo ndani ya mbao unahitaji meno madogo, 10 hadi 14 kwa inchi, kwenye ubapa wa vyuma viwili vilivyounganishwa: mgongo unaopindika bila kuvunjika, na meno magumu. Tulisubiri siku mbili hadi ulipofika kutoka Kigoma mjini. Ulikuwa wa inchi 9. Nakumbuka tulifurahi kwamba ni mrefu.

Jumamosi jioni tukaanza. Mama alikuwa kitandani, upande wa mbali na mlango. Baba watoto alivaa miwani ya kinga na barakoa, kwa sababu vumbi la mninga linawasha pua na kifua. Aliingiza shati ndani ya suruali. Alishika msumeno kwa mikono miwili, na lile bamba la chuma lililo mbele akalikandamiza kwenye mbao kabla ya kuvuta kifyatulio. Bamba hilo ndilo linalokulinda usirushwe: likiachana na mbao hata kwa kidole kimoja, msumeno unaacha kukata unaanza kukutikisa wewe. Alikuwa amejifunza hilo kwa kile kipigo cha kifuani. Upande wa kushoto ulikwenda vizuri mno. Misumari mitatu ilikatika kila mmoja kwa chini ya dakika, cheche zikiruka kidogo. Kisha akakata mguu wa fremu pale ulipozama kwenye sakafu ya sementi.

Mguu ulipokatika nyumba ikatoa sauti. Ilikuwa sauti ndogo, kama mtu anayekaa kwenye kiti cha zamani. Fremu ilishuka, ikauziba upenyo wa msumeno, na vumbi jekundu likamwagika kutoka juu. Tulitazama juu, tukaona ufa kwenye plasta, juu ya mlango. Nyumba yetu haina linta pale. Matofali ya juu ya mlango yalikuwa yamekaa miaka yote juu ya kichwa cha fremu ya baba, na sisi tulikuwa tumemkata mguu.

Hapo tulipaswa kusimama. Kilikuwa kituo halisi cha kusimama, nasi tulikiona. Lakini ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili, mama alikuwa hajatoka nje tangu asubuhi, na baba watoto alidhani kwamba akimaliza upande wa kulia haraka, fremu itatoka kabla ukuta haujaamua lolote. Akachomoa waya, akabadilisha mkao, akachomeka tena, akapenyeza ubapa upande wa kulia, usawa wa kifua.

Sasa nieleze kitu nilichokuwa nakijua mimi peke yangu. Nyumba hii tuliijenga bila umeme. Gridi ya Taifa ilipofika Kasulu mwaka 2022 na injini za dizeli zilizokuwa zikifua umeme wa mji zikazimwa, watu wengi tulivuta umeme kwenye nyumba zilizokwisha pigwa plasta zamani. Mafundi walichimba vifereji ukutani, wakalaza mipira ya waya, wakafukia, tukapaka rangi. Baba watoto alikuwa safarini wiki ile. Mimi ndiye niliyewapikia mafundi, na mimi ndiye niliyewaona wakichimba kifereji kutoka darini, sambamba na fremu ya chumba hiki, upande wa ndani, hadi kwenye swichi, kisha chini zaidi hadi kwenye soketi. Kutoka sebuleni hakionekani kitu. Ukuta wetu na plasta yake ni kama sentimita 15. Ubapa wa inchi 9 ni sentimita karibu 23. Niliyajua yote mawili na sikuyaweka pamoja. Nilisimama pale nimeshika tochi, nikimmulikia mume wangu mahali alipokuwa anakata, na upande aliokuwa anakata bila kuuona nilikuwa nimeupa mgongo kama yeye.

Ulisikika mlio kama wa jiwe kwenye moto. Mwanga wa buluu ukapiga kutoka chumbani kwa mama, nyumba nzima ikazima, msumeno ukafa mkononi. Mama akapiga ukelele mmoja, kisha kimya.

Nilimwita. Akaitikia, "Nipo." Akasema ukuta umetema moto karibu na swichi, lakini yeye yuko mbali nao. Baba watoto alikuwa ametupa mikono pembeni. Msumeno wenyewe ulibaki ukining'inia, ubapa umebanwa na fremu iliyoshuka. Hakuumia, ule mpira uliofunika shingo ya msumeno ulimkinga. Sijui ingekuwaje kama angekuwa ameshika kwenye chuma.

Na bado hatari kubwa kuliko zote ilikuwa mbele. Mtu umeme ukimkatikia, mkono wake unakwenda kwenye meni swichi. Ni mazoea. Baba watoto alikwisha fika, kidole kipo kwenye kile kipini kilichoanguka, anataka kukirudisha juu apate taa amwone mama. Binti yangu wa kidato cha pili ndiye aliyelia, "Baba, usirudishe! Msumeno bado umeuma waya!" Alishusha mkono. Tulichomoa waya wa msumeno kwenye soketi, tukaacha kila kitu kimezimwa, tukawasha mshumaa.

Tukajikuta na tatizo jingine. Fremu imeegemea, matofali ya juu yamepasuka, na hakuna aliyethubutu kupita chini yake, wala kumbeba mgonjwa pale. Dirisha lina nondo. Mama yangu alilala chumbani mle peke yake usiku ule. Nilimpa chakula kupitia nondo za dirisha, nimesimama nje kwenye baridi ya Kasulu: ugali wa muhogo na maharage ya mawese, na chupa ya chai. Beseni nalo lilipita kwa kuinamishwa. Nilikaa pale dirishani, blanketi mabegani, hadi karibu saa saba, na ndipo mama aliponihadithia jambo ambalo katika miaka yangu arobaini na moja sikuwahi kulisikia.

Baba mdogo, mdogo wake baba, alikuwa na vidole viwili visivyokunjika. Sote tulikua tunaviona. Tuliambiwa ni panga. Mama akasema halikuwa panga. Baba mdogo ndiye aliyekuwa mtu wa chini. Baba alisimama juu ya gogo, anafuata mstari wa mkaa, anaona kila kitu. Mdogo wake yuko chini ya ulingo, vumbi la mbao linamwingia machoni, na ncha ya msumeno inashuka kwake. Siku moja walipumzika kunywa maji. Baba alirudi juu wa kwanza, akaona msumeno umesimama kwenye mstari wake, akausukuma. Mdogo wake alikuwa ameachia kipini, ametia mkono kwenye upenyo anatoa unga uliosongamana.

"Tangu siku ile," mama akasema, "Mzee hakuvuta wala kusukuma kabla hajauliza, Upo? Na hakuanza hadi asikie, Nipo. Hata nyumbani. Akitaka kufungua mlango wa chumba, anauliza, Upo?" Akanyamaza kidogo. "Leo mmepasua ukuta na mimi niko chini. Hamkuuliza."

Sikuwa na la kumjibu. Nilimwomba radhi, na asubuhi baba watoto naye alikuja dirishani, akainama, akaomba radhi kwa adabu zote. Mama alimjibu kutoka nyuma ya kanga kwamba kosa la mtu anayetafuta njia ya mkwewe kunywa maji halihesabiwi. Alisema pia anaomba maji.

Kaka, tuliyemwita usiku uleule, alifika Jumapili kabla ya saa nne kwa gari la kwanza kutoka Kibondo, na dumu la asali la lita tano, na mkoba wa zamani wa baba. Alisimama mbele ya ule mlango akautazama muda mrefu bila kusema. Kisha akatoa amri, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi nikapumua.

Kwanza ilikuja mirunda. Tuliazima minne kwa jirani anayejenga, tukaweka ubao juu, tukabana kichwa cha fremu pande zote mbili hadi ufa ukaacha kumwaga vumbi. Hapo ndipo mama alipotolewa. Kaka alimbeba mwenyewe, mwanawe wa kuzaa, akamweka kwenye kiti mwendo sebuleni. Pili alikuja fundi umeme. Akathibitisha kwa kipimo kwamba hakuna moto, akautoa ubapa, akatuonyesha. Ncha yake ilikuwa imeyeyuka kidogo, pembe imekuwa duara kama ya kijiko. Akazivuta zile waya juu hadi darini, akazifunga ncha zake.

Lakini akasema nyumba isirudishiwe umeme hadi kazi ya ukuta iishe, na hapo kuna kitendawili ambacho wenye misumeno ya waya tunakutana nacho: ukizima nyumba ili ukate salama, msumeno nao umezimika. Wenye msumeno wa betri hawaijui shida hii. Sisi tulivuta umeme kwa jirani, kwa waya mrefu mnene, tukaukunjua wote kutoka kwenye gurudumu lake, maana ukiuacha umeviringwa huku unafanya kazi unapata moto na mpira wake unalainika. Meni swichi yetu ikafungwa kwa kitambaa chekundu, na binti akapewa kazi moja tu, kukaa chini yake.

Kaka hakukubali ubapa wa inchi 9. Misumari ilikuwa katikati ya ukuta. Ubapa wa inchi 6 uliifikia, na ncha yake haikutokea ng'ambo. Ila alijua pia ubaya wa ubapa mfupi: ncha ikigonga kitu kigumu ndani, inakita kama nyundo na msumeno unakurudia. Kwa hiyo alikwangua udongo wote kwenye ufa kwa kisu na patasi hadi akaona msumari wenyewe. Wa mwisho, uliokuwa jirani kabisa na kifereji cha waya, hakuugusa kwa umeme. Aliukata kwa mkono, kwa ubapa mtupu wa msumeno wa chuma alioufunga kitambaa upande mmoja. Ulimchukua dakika ishirini na tano. Baba watoto alitaka kumpokea, akakataa.

Kwa misumari iliyobaki na mguu wa kulia, baba watoto alishika msumeno na mimi niliingia chumbani kwa mama, nikasimama kando ya mlango, mbali na mstari wa ubapa, macho yangu kwenye ukuta. Kabla ya kila mkato alisema, "Upo?" Nilitazama pazia limefungwa juu, swichi imetolewa, mtoto wa jirani hayupo, nikajibu, "Nipo." Ndipo alipovuta kifyatulio. Baada ya kila mkato aliacha ubapa utulie kabisa kabla ya kuutoa. Alipobadilisha ubapa alichomoa waya kwanza, na aliushika mpya tu. Ule wa zamani aliuacha sakafuni upoe, kwa sababu ubapa uliotoka kwenye chuma una moto wa pasi. Mama alikuwa kwenye kiti chake, karibu na mlango wa nje. Nilimsikia kila mara tulipoitana. Alikuwa akiitikia pamoja nami, kwa sauti ya chini.

Fundi mwashi aliweka engo mbili za chuma chini ya matofali, akazijengea, akasema mirunda ikae siku saba. Fremu ilitoka nzima, imekatwa miguu tu kwa vidole viwili. Kaka aliipangusa vumbi, na ule wekundu wa mninga ukatokea kwenye mikato mipya kama ulivyokuwa siku ilipokuja kwenye lori la mihogo. Sasa imesimama kwenye mlango wa jiko la nje, ambako hakuna waya hata mmoja.

Kabla hajarudi Kibondo, kaka alifungua mkoba wa baba na kutoa kamba yake ya mkaa. Alinitaka nimwonyeshe kila mahali mafundi wa umeme walipochimba, chumba kwa chumba. Nilimwonyesha. Alivuta kamba, akaikaza, akaipiga ukutani, na kila kifereji kilichofukiwa kikapata mstari mweusi ulionyooka, kuanzia dari hadi swichi, kuanzia swichi hadi soketi. Siku ya nane mirunda ilipotolewa, mama alijisukuma mwenyewe kutoka chumbani hadi barazani, akaomba maji, akanywa glasi mbili.

Mlango wake sasa una sentimita 76. Mistari ya mkaa bado iko ukutani, na nimekataza isipakwe rangi.